Barua ya wazi kwa wenye dhamana: Saratani ya mfuko wa mayai itibiwe huku huku Nyanda za Juu Kusini

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya huduma za saratani wizarani, TAMISEMI na katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini.

Waheshimiwa,

YAH: KUCHELEWESHWA KWA UCHUNGUZI NA MATIBABU YA SARATANI YA MFUKO WA MAYAI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, mkazi wa Mafinga, na ninaandika kwa niaba ya kikundi cha wanawake ambao kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiwasindikiza hospitalini wagonjwa wa saratani za kike kutoka vijijini. Malalamiko haya tuliyapeleka kwanza kwa njia ya kawaida. Tuliandika barua kwa ofisi inayohusika, tukarudishiwa nakala yenye mhuri wa kupokelewa, tukaambiwa suala letu linafanyiwa kazi. Baadhi ya waliotia sahihi barua ile wameshazikwa na jibu halijaja. Kwa hiyo leo naandika hadharani, kwa heshima ileile niliyowaandikia nayo mwanzo.

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao 324,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya mfuko wa mayai, yaani ya ovari, na wapatao 207,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Mwanamke anayegundulika saratani ikiwa bado haijatoka kwenye mfuko wa mayai ana matumaini makubwa, kwani katika nchi zenye huduma kamili zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wa hatua hiyo huwa hai baada ya miaka 5. Ikishatapakaa tumboni, wanaofika miaka hiyo 5 ni karibu 3 kati ya 10. Wagonjwa tunaowasindikiza sisi, karibu wote, wanaanza safari wakiwa katika kundi hili la pili.

Kabla sijafika kwenye hoja zenyewe, naomba niliweke wazi jambo ambalo ndilo kiini cha barua hii. Saratani ya mlango wa kizazi ikishakuwa kubwa inahitaji mashine za mionzi, na mashine hizo zinahitaji jengo maalumu, wataalamu wa fizikia na fedha nyingi, hilo tunalielewa. Saratani ya mfuko wa mayai haiko hivyo. Ni mara chache tu inatibiwa kwa mionzi. Silaha zake ni mbili: upasuaji uliofanywa na mtu anayeujua, na kemo ya dripu, yaani dawa za kuua saratani zinazoingizwa kwenye mshipa, ambayo kwa wagonjwa wengi ni karboplatini pamoja na paklitakseli, kila baada ya siku 21, kwa kawaida mizunguko 6. Dawa zote mbili zimo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa wetu anapoambiwa kwamba hana budi kwenda Dar es Salaam kwa kuwa ndiko iliko mionzi, anapewa sababu ya ugonjwa mwingine. Kutoka Mbeya mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, na wapo wanaotoka Katavi na milima ya Livingstone ambao wakifika Mbeya wanakuwa tayari wameshasafiri kutwa nzima.

Hoja zetu ni hizi.

1. Dalili zinasemwa mapema, lakini hazimfikishi mgonjwa kwenye kipimo.

Tumezoea kusikia kwamba ugonjwa huu unaua kimyakimya, na maneno hayo yamekuwa kinga ya kila anayeulizwa. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2018 na muungano wa kimataifa wa wadau wa saratani hii, ukiwahusisha zaidi ya wanawake 1,500 wagonjwa katika nchi 44, ulionyesha kwamba 9 kati ya 10 walikuwa na dalili kabla ya kugundulika: tumbo kujaa na kutokwisha, maumivu ya tumbo au nyonga, kushiba baada ya tonge chache, kwenda haja ndogo mara kwa mara. Theluthi mbili hivi ama hawakuwahi kuusikia ugonjwa huu ama hawakujua lolote kuuhusu kabla ya kuambiwa wanao. Nchi nyingi kati ya hizo 44 zina hospitali ambazo sisi tunaziona kwenye televisheni tu, kwa hiyo tatizo hili si la wanakijiji wa Makete peke yao.

Hata hivyo, la Makete nimelishika mkononi. Ni daftari la matibabu la mama mmoja mkulima wa pareto na viazi, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa vidonda vya tumbo. Unaofuata, UTI. Kisha taifodi, kisha minyoo, kisha vidonda vya tumbo kwa mara nyingine, kila ugonjwa na vidonge vyake, kila ukurasa na mwandiko wa mtu mwingine. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alilazwa kitandani akapapaswa tumbo. Wakati kurasa zinafika mwisho, zipu ya gauni lake la kanisani ilikuwa haipandi tena huku mashavu na mikono ikiwa imekonda, na majirani walikuwa wakimtania kwamba ana mimba ya uzeeni.

Uingereza ilitoa mwongozo wake mwaka 2011: mwanamke, hasa wa zaidi ya miaka 50, akipata dalili kama hizo zaidi ya mara 12 kwa mwezi, apimwe damu kipimo cha CA-125, yaani protini ambayo mara nyingi hupanda kwa saratani hii, na ikifika uniti 35 au zaidi afanyiwe altrasaundi ya tumbo na nyonga. Mwongozo huo unakumbusha pia kwamba maradhi ya utumbo kusumbua mara kwa mara (IBS) si kawaida kuanza kwa mara ya kwanza mwanamke akiwa na miaka 50 au zaidi. Huku kwetu hata bila kipimo cha damu, mashine ya altrasaundi ipo katika vituo vingi vya afya, ila inatumika zaidi kwa wajawazito. Mama wa Makete alipita mbele ya mlango wa chumba chenye mashine hiyo kila alipokwenda kuchukua vidonge.

Niongeze la kifua kikuu, kwa sababu katika mikoa yetu lina uzito wake. TB ya tumbo inajaza maji tumboni na inaweza kupandisha CA-125 sawasawa na saratani. Hivyo wapo wanaoanzishiwa dawa za TB kwa kukisia huku saratani ikitapakaa, na wapo wanaoambiwa wana saratani na kurudishwa nyumbani wakafe, wakati wana ugonjwa unaopona kwa vidonge vya miezi 6. Anayeweza kuwatofautisha ni mtu aliyechukua maji ya tumboni na kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, akavipeleka maabara.

2. Kisu cha kwanza kinapigwa mahali pasipostahili.

Uvimbe wa mfuko wa mayai ukionekana, mara nyingi hupasuliwa palepale ulipoonekana, na daktari ambaye kazi yake ya kila siku ni upasuaji wa uzazi na ngiri. Simlaumu daktari huyo, ambaye yuko peke yake usiku kucha katika wilaya nzima. Lakini saratani iliyokuwa bado imefungwa ndani ya mfuko wa mayai, uvimbe ukipasukia tumboni wakati wa upasuaji, hapohapo inapanda kutoka hatua ya IA (iliyofungwa ndani ya mfuko) kwenda IC (iliyovuja), na mgonjwa ambaye pengine angepona kwa kisu peke yake anaingia kwenye kundi la wanaofikiriwa kemo. Ikiwa imeshatapakaa, kinachomwongezea mgonjwa maisha ni kuondolewa kwa kila uvimbe unaoonekana kwa macho, na kazi hiyo inahitaji bingwa wa saratani za wanawake, damu ya kutosha na nafasi ya kulaza mgonjwa mahututi. Akifungua asiyeweza, atakata kipande na kufunga, na mgonjwa atarudi kijijini akiamini amefanyiwa operesheni.

Tangu mwaka 1990 ipo kanuni nyepesi, iliyochapishwa Uingereza, inayozidisha alama za altrasaundi, hali ya kukoma hedhi na kiwango cha CA-125. Jibu likizidi 200, mgonjwa apelekwe kwa bingwa kabla ya kuguswa na kisu. Inafanyika kwa kalamu na karatasi.

3. Kinyama kinasafirishwa na ndugu wa mgonjwa.

Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa najua haiko peke yake, binti wa mgonjwa alikabidhiwa chupa ya plastiki yenye kinyama cha mama yake ndani ya formalini, kipande cha plasta kikiwa kimeandikwa jina kwa kalamu ya wino, akaelekezwa atafute maabara Dar es Salaam. Aliifunga kwenye mfuko mweusi, akaipakata kwenye basi usiku kucha akiogopa kuiweka chini isije ikamwagika. Alipofika, wino ulikuwa umeshaanza kufutika. Majibu alitakiwa ayafuate mwenyewe, na ayalipie, wakati fedha iliyokuwepo ilikuwa imeishia kwenye nauli.

Huyo alikuwa na bahati ya kupewa chupa. Wengine wanaambiwa uvimbe ulitupwa. Bila jibu la patholojia, yaani la maabara inayochunguza kinyama, hakuna daktari mwaminifu atakayeanzisha kemo, kwa sababu saratani za mfuko wa mayai ni za aina nyingi na dawa zake hazifanani. Tunajua wataalamu wa patholojia ni wachache katika sehemu kubwa ya Afrika. Uchache wao hauelezi kwa nini chupa ibebwe na mtoto wa mgonjwa wakati magari ya serikali na sampuli za TB na za VVU zinasafiri kila wiki kwa utaratibu unaoeleweka.

4. Dawa ipo leo, mzunguko ujao haipo.

Mizunguko 6 ya siku 21 ni zaidi ya miezi minne. Kwa mwanamke wa Usangu au Ludewa hiyo ni sawa na kukosa kupanda au kuvuna kwa mwaka mzima. Sera yetu kwa miaka mingi imeihesabu saratani miongoni mwa magonjwa yanayostahili msamaha wa malipo, lakini msamaha haununui dawa iliyoisha, wala haulipi chumba cha mgonjwa na msindikizaji wake karibu na hospitali. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambayo kaya ya watu 6 imekuwa ikiilipia shilingi 30,000 kwa mwaka, inaishia ngazi ya hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani inamwacha mgonjwa pale hasa matibabu yake yanapoanza. Wengi wanapata mzunguko wa kwanza na wa pili, wanaona maji yamepungua tumboni, wanauza ng'ombe wa mwisho kwa ajili ya wa tatu, kisha hatuwaoni tena.

5. Wasichana.

Watu wanasahau kwamba ipo aina ya saratani hii inayowapata wasichana wa shule, inayoanzia kwenye chembe za mayai zenyewe. Inakua haraka, na msichana mwenye tumbo kubwa hudhaniwa ana mimba na hupigwa nyumbani kwanza kabla ya kupelekwa hospitali. Aina hiyo inapona kwa kiwango kikubwa sana, hata ikiwa imesambaa, kwa bleomisini, etoposidi na sisplatini, ambazo nazo zimo katika Orodha ya Dawa Muhimu, na mara nyingi inatosha kuondoa upande mmoja ili abaki na uwezo wa kuzaa. Kifo cha msichana wa namna hii ndicho kinachoniuma kuliko vyote nilivyovitaja.

6. Maumivu.

Aliyechelewa kupita kiasi ana haki ya kutolewa maji tumboni karibu na kwake, na kupata mofini ya maji ya kutuliza maumivu makali. Ni dawa ya bei ndogo. Haifai mtu asafirishwe mikoa mitatu kwa ajili ya chupa ya mofini.

Waheshimiwa, najua majibu ambayo huwa tunapewa, kwa hiyo nayajibu kabisa.

Tunaambiwa kwamba saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kushughulikiwa. Tunashukuru kwa yaliyofanyika: chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, iliyoanza kitaifa mwaka 2018, na tangu 2024 dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Lakini chanjo hiyo haikingi mfuko wa mayai, na kipimo cha mlango wa kizazi cha kupakwa siki hakiuoni. Hili halisemwi waziwazi kliniki, na matokeo yake tumekutana na wanawake waliopuuza tumbo linalovimba kwa sababu walishapimwa "saratani ya kizazi" wakaambiwa wako salama.

Tunaambiwa wanawake wenyewe wanachelewa kwa waganga wa kienyeji. Wapo. Daftari la Makete lina mihuri ya zahanati na kituo cha afya tu.

Tunaambiwa hata Ulaya ugonjwa huu umewashinda kuugundua mapema. Ni kweli kwa sehemu. Jaribio kubwa la Uingereza lililowahusisha zaidi ya wanawake 200,000 wasio na dalili lilitoa matokeo yake ya mwisho mwaka 2021, na likaonyesha kwamba kuwapima kila mwaka, iwe kwa CA-125 au kwa altrasaundi, hakukupunguza vifo. Ndiyo maana kikundi chetu hakiombi kambi za upimaji, na naomba zisiletwe kama jibu la barua hii. Kambi ya siku mbili yenye turubai na fulana itawatisha wenye afya na kuwaacha wagonjwa walipo. Sisi tunawasemea wanawake ambao tayari wanaumwa, tayari wamefika zahanati, na tayari wamesema wanachokisikia.

Na tunaambiwa hakuna fedha. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana Abuja kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na ahadi hiyo bado inatudai. Lakini sehemu kubwa ya tunayoyaomba ni utaratibu, na utaratibu hausubiri mfadhili. Siombi leo vidonge vya olaparibu, dawa mpya zaidi ya saratani hii, ambavyo Ulaya na Marekani viliruhusiwa mwaka 2014, ingawa siku moja navyo vinapaswa kufika huku. Wala siombi tupimwe wote vinasaba vya BRCA1 na BRCA2, ambavyo vikiharibika na kurithiwa huongeza hatari ya saratani hii. Naomba tu kila mgonjwa aulizwe kama mama, shangazi, dada au bibi upande wowote alikuwa na saratani ya titi au ya mfuko wa mayai, na jibu liandikwe, kwa sababu dada zake na binti zake wanaweza kuwa katika hatari ileile na hakuna aliyewaambia.

Tunachoomba ni kwamba hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mbeya, inayotegemewa na mikoa 7 ya Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Iringa, Njombe na Ruvuma, yenye watu zaidi ya milioni 10 kwa Sensa ya 2022, ipewe rasmi jukumu la kumhudumia mgonjwa wa saratani ya mfuko wa mayai kuanzia upasuaji hadi mzunguko wa mwisho wa kemo. Ipewe bingwa wa saratani za wanawake wa kudumu, asiwe wa kuja na kuondoka. Dawa za mizunguko yote zitengwe kwa jina la mgonjwa kabla hajaanza wa kwanza, na mizunguko inayofuata iweze kutolewa Iringa, Songea au Sumbawanga kwa wasiopata madhara makubwa. Katika utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, upasuaji huu, dawa hizi na kipimo cha patholojia vitajwe wazi ndani ya kitita cha huduma za bima, ili mwananchi asihitaji kujuana na mtu.

Kwa ngazi za chini tunaomba karatasi moja ya Kiswahili ibandikwe katika kila zahanati na kituo cha afya, ikisema dalili zipi, zikidumu muda gani, zinampeleka mwanamke kwenye altrasaundi na kisha rufaa. Uvimbe unaotiliwa shaka usipasuliwe wilayani ila kwa dharura ya kuokoa maisha. Na kila kinyama kisafirishwe na hospitali iliyokitoa, kwa namba na kwa sahihi, majibu yarudi kwa daktari. Juu ya yote hayo awepo mratibu mmoja wa kanda mwenye simu inayopokelewa na daftari la wagonjwa wote, ambaye mgonjwa asipotokea kwenye mzunguko wake ndiye atakayeulizwa yuko wapi.

Tunaomba jibu la maandishi kwa kila hoja, hata kama ni la kukataa, likieleza nani atafanya nini na lini. Kikundi chetu kiko tayari kuja Mbeya au Dodoma siku yoyote mtakayoipanga, tukiwa na madaftari ya wagonjwa walioturuhusu kuyaonyesha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi mkunga mstaafu,
kwa niaba ya wanawake wasindikizaji wa wagonjwa,
Mafinga, Iringa.

Nakala: Wabunge wa mikoa 7 ya Nyanda za Juu Kusini, Waganga Wakuu wa Mikoa hiyo.